Makro Yako na Jina la Lang'ata

Leo nasema na nyinyi mnaoandika kwiri kazini. Kila asubuhi mnafungua Excel, mnanakili majina, mnayabandika ndani ya IN. Na nyinyi mnaojiona mmeendelea, makro zenu hukusanya majina, zikatia koma, zikayazungushia alama za mtajo. Haya, Lang'ata mmeifanyaje?

Maana balaa hii naikuta kila ofisi. Makro imejaribiwa kwa Kasarani na Westlands, ikapita. Ikifika Lang'ata, ritifaa ya ng' inachukuliwa kuwa mwisho wa jina, na «ata» inabaki inaning'inia. Kwiri inakufa. Kijana mmoja alijitibu kwa kufuta ritifaa zote! Ng'ang'a akawa Nganga, kwiri ikapita, ripoti ikatoka, na Ng'ang'a hayumo, kwa sababu kwenye jedwali jina lake bado lina ritifaa zake. Afadhali ilipokufa, angalau ilipiga kelele.

Jamani, katika SQL ritifaa iliyo ndani ya jina huandikwa mara mbili, basi. Wenye SAS mnayo SELECT INTO na SEPARATED BY ya kuunda orodha, na mnayo QUOTE. Iambieni itumie alama ya mtajo moja, nayo itazirudufu ritifaa yenyewe. Uvivu wa nini?

Urefu wa orodha sikawii nao: kigezo cha makro cha SAS hakizidi herufi 65,534, na Oracle za zamani hukataa orodha ya IN inayozidi thamani 1,000.

Narudi kwenye ritifaa. Thamani zikitoka kwenye fomu anayojaza mteja, ufa uleule ulioiangusha kwiri ya Lang'ata ndimo anamopita mwizi: anaufunga mtajo wako, kisha anaongeza amri yake. Hapo msibandike maneno. Pitisheni thamani kama vigezo, seva izipokee kando ya kwiri.

Na kama majina tayari yamo kwenye jedwali, orodha ya nini? Wekeni SELECT ndani ya IN, ritifaa haitawasumbua tena. Ila kwa NOT IN, ondoeni NULL kwanza. Kwenye Oracle au PostgreSQL, NULL moja ikipenya haitoki hata safu moja, na bosi aliyetaka orodha ya wasiolipa anashangilia kwamba hakuna mdaiwa.

Kesho, kabla ya chai ya saa nne, jaribuni makro zenu kwa wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita.