Kete Nyeusi Mbele ya Boma



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya sataranji, na hasa juu ya shida ambayo wengi wenu mmeniletea: yampasa mtu afanyeje, akiwa na kete nyeusi, mbele ya adui asiyetaka vita? Mwamjua adui huyo. Aanza na askari wa d4, amtoa farasi f3, amweka askofu f4, kisha asogeza askari e3, c3 na h3, na boma limekwisha. Mpango huo huitwa wa London. Mwenye boma hili hajihatarishi. Angoja uchoke, ujiangushe mwenyewe.

Kinga niipendayo mimi ni ile ya Kihindi ya upande wa mfalme: farasi f6, askari g6, askofu g7, askari d6, kisha mfalme ahamie g8 na ngome yake isimame f8. Mtu atazamaye aweza kudhani ni uoga, maana katikati yote imeachiwa nyeupe. Lakini nia ni kuivunja baadaye, na kwa nguvu.

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Mbele ya boma la London, shambulio letu lategemea hatua moja, nayo ni askari wa e7 kufika e5. Askofu wa f4 amewekwa pale makusudi aizuie. Basi kwanza farasi wa pili aende d7, na malkia aende e8. Hao wakisaidiana na askari wa d6, yule wa e7 husogea mpaka e5, naye akifika amtisha askofu, hata hana budi kurudi h2. (Ndiyo sababu mwenye nyeupe alisogeza h3 mapema: pasipokuwa na tundu lile, farasi wetu angekwenda h5 kumwinda.) Wako watakaouliza kwa nini malkia asikae d8. Akikaa pale, askari wa katikati wakiisha kulana, mwenye nyeupe atatoa malkia kwa malkia, na shambulio lafa kabla halijazaliwa. Mambo yakiwa mema, sukuma tena mpaka e4, umfukuze farasi wa f3. Baada ya hayo ndipo askari wa upande wa mfalme waende mbele.

Haya niliyajua kwa aibu. Siku moja nilimwondoa farasi wa f6, nikasukuma askari mpaka f5 bila kungoja e5, kwa kuwa nilitaka watazamaji waone ushujaa wangu. Askofu mweupe akaja c4, akamtisha mfalme. Nikamkimbiza h8. Farasi wake akaja g5, nami sikuangalia. Akaingia f7, akamtisha mfalme na malkia kwa pigo moja. Nikatoa ngome kwa farasi yule, na mchezo ukaisha hapo, ingawa niliendelea kusukuma kete nusu saa nzima. Askari hana ruhusa ya kurudi nyuma.

Sasa tazameni shambulio hilo hilo katika katikati iliyofungwa. Mwaka 1953, mjini Mar del Plata, nchi ya Argentina, Svetozar Gligorić wa Yugoslavia alicheza nyeusi kwa kinga hii juu ya Miguel Najdorf. Boma la Najdorf halikuwa la London: alisimamisha askari c4, d4 na e4, na kwa hatua ya 8 akasukuma d5. Katikati ikafungwa. Gligorić akaenda f5 kwa hatua ya 10, f4 kwa ya 11, g5 kwa ya 12. Naye Najdorf akaleta ngome zake safu ya c, kuvunja upande wa pili.

Mimi ningalikimbilia mfalme. Gligorić alipeleka ngome f7, akamrudisha askofu f8, ili c7 na d6 zilindwe. Hatua hizo mbili za kimya nazipenda kuliko zote zilizofuata. Kisha g4, na kwa hatua ya 19, g3: askari ametolewa bure ili kufungua njia ya kumfikia mfalme mweupe. Akashinda.

Ubao uko mezani, ndugu zangu. Apendaye kujenga boma la London na aketi upande wa nyeupe; mimi nitashika nyeusi.