Tumbawe la Malindi, Jembe la Machakos

Upepo wa kaskazi ukivuma, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Tope la Mto Sabaki husukumwa kusini, maji yakawa kama chai ya maziwa. Mgeni hununa, mwenyeji hucheka: ameshazoea. Chini ya maji hayo, hata hivyo, kuna anayeweka hesabu.

Ni tumbawe la jamii ya Porites, lile nene la mviringo ambalo ukilipita kwa ngalawa utadhani ni jiwe tu. Kumbe ni nyumba ya maelfu ya wanyama wadogo. Kila mwaka hujijengea tabaka la chokaa la kama sentimita 1, na humo hubaki alama ya yaliyokuwa majini mwaka ule.

Wanasayansi walilitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, wakapima bariamu, madini yanayofika baharini pamoja na udongo wa mtoni. Mwaka 2007 wakatoa matokeo. Tangu 1700 hadi 1900 udongo ulikuja kwa kiasi kilekile. Karne ya 20 ilipoingia, ukaanza kuongezeka. Miaka ya 1970, baada ya ukame mkali na misitu kufyekwa, ukafurika.

Udongo huo si wa Malindi. Sabaki ndiyo Athi yenyewe, iliyopita Ukambani kabla ya kufika pwani. Tope likitanda, jua halifiki chini, na tumbawe huishi kwa mwani ulio ndani yake, unaohitaji jua.

Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitengwa mwaka 1968. Tangu hapo mvuvi anajua mpaka wake uko wapi, na akiuvuka anakamatwa. Tope linavuka mchana kweupe, na hakuna anayelikamata.

Kwa hiyo nasema: fedha za kulinda matumbawe zisiishie ufukweni, zipande mto. Machakos, huko Ukambani, wanayo kazi waiitayo fanya juu: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa tuta la kuzuia mmomonyoko. Mwenye jembe huko huenda hajawahi kuiona bahari. Anataka mahindi yake tu. Lakini udongo ukibaki shambani kwake, tumbawe la Malindi litaliandika na hilo, kwenye sentimita ya mwaka huo.