Mwili Mwepesi Wenye Nguvu: Chakula na Mazoezi kwa Mwanamke Aliyevuka Miaka Hamsini



Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyenenepa huambiwa kwamba ana afya, na aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Kwa mwanamke aliyevuka miaka hamsini, mazoea hayo ya maneno yana uzito wake. Akiongezeka kilo, jamaa humsifu kwamba watoto wanamtunza. Akipungua, majirani humhurumia. Kwa sababu hiyo wanawake wengi huificha nia yao ya kupunguza mwili, na aifichaye nia hukosa wa kumwongoza. Hununua majani ya chai yauzwayo stendi na mnadani kwa ahadi ya kuyeyusha tumbo, hujifunga mkanda wa kubana kiuno, au huacha kula usiku kwa majuma kadhaa. Baada ya taabu hiyo mizani husoma kilo chache kweli, lakini miguu hutetemeka apandapo ngazi.

Mada hii inaeleza njia iliyo ndefu kidogo na salama zaidi: kupunguza mafuta ya mwili huku misuli ikilindwa na kujengwa.

Yatokeayo mwilini

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole tangu umri wa miaka thelathini hivi, na kasi hiyo huongezeka baada ya sitini. Kwa mwanamke, ukomohedhi, ambao huwafikia wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, huongeza jambo la pili. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huhamia tumboni, na mifupa hupoteza madini yake kwa haraka. Hivyo mwanamke wa miaka 60 anaweza kuwa na uzito uleule aliokuwa nao akiwa na miaka 40, ilhali ndani ya uzito huo misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi yake.

Mizani peke yake, basi, haitoshi. Futi ya fundi cherehani husaidia zaidi. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo huanza kupanda. Kikizidi 88 hupanda sana.

Uzuri wa umbo ni haki ya kila mwanamke autakaye, lakini lililo kubwa zaidi hapa ni kujitegemea. Mwenye misuli dhaifu ya mapaja hushindwa kuinuka kwenye kigoda au mkeka bila kushikwa mkono, na choo cha shimo humgeukia adui. Akianguka, nyonga iliyovunjika humlaza kitandani kwa miezi, na mjukuu au binti hulazimika kuacha shule au kazi ili kumhudumia. Nguvu za bibi ni mali ya kaya nzima.

Kwa nini njaa haisaidii

Mtu anayeshinda njaa bila kufanya mazoezi hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja. Anaporudia ulaji wake wa awali, mafuta hurejea upesi kuliko misuli. Akirudia zoezi hilo mara tatu au nne, hubaki na kiuno kilekile na miguu iliyo dhaifu zaidi. Mwendo unaofaa ni kupungua kwa takriban nusu kilo kwa wiki, na mara nyingi chini ya hapo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hupungua kwa mwendo huohuo.

Sahani ya mwanamke huyu

Jambo la kwanza ni protini, ambayo ndiyo tofali la misuli. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwanamke wa kilo 65 huhitaji gramu 65 hadi 78. Chai ya rangi na maandazi asubuhi, ugali na mchicha mchana, kisha wali na mchuzi usiku haviwezi kuifikisha hesabu hiyo. Aidha, katika nyumba nyingi kipande cha nyama au samaki hutengwa kwa ajili ya baba, wageni na watoto, na bibi aliyekipika hubakiwa na mchuzi. Desturi hiyo ya upole humgharimu nguvu zake.

Vyakula vya kumtosheleza vipo sokoni na shambani. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Kikombe cha maziwa au mtindi kina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15. Konzi ya dagaa wakavu, yaani gramu 25, ina gramu 14 hivi. Mayai mawili, kikombe cha mtindi, kikombe cha maharage na konzi ya dagaa kwa siku moja humpa karibu gramu 50. Ugali wa dona, karanga na mboga za majani hukamilisha zilizosalia. Ni vyema protini hiyo igawanywe katika milo mitatu, kwa kuwa mwili huitumia vizuri zaidi ikija kwa mafungu.

Jambo la pili ni mpangilio wa sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda: matembele, mnafu, mlenda, kisamvu, papai au chungwa. Robo iwe chakula cha protini. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi, kwa kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Ugali uliozoea kuwa mlima usipigwe marufuku; uteremshwe tu uwe kilima.

Jambo la tatu ni yale yaingiayo bila kuonekana. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hubeba kalori 120 hivi. Mpishi amiminaye kutoka kwenye chupa hajui ametia vijiko vingapi, bali apimaye kwa kijiko anajua. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja ni gramu 36 za sukari kwa siku, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni heri mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi. Chumvi isizidi gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja kidogo kwa siku, kikiwemo kile kilichomo katika vyakula vya viwandani.

Mazoezi yasiyohitaji ukumbi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima, wazee wakiwemo, wafanye shughuli za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa wenye miaka 65 na zaidi unaongeza mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili siku 3 kwa wiki.

Watakuwapo watakaouliza: je, jembe na ndoo ya maji havitoshi? Kazi za shamba ni mazoezi ya kweli, na mwanamke alimaye mwaka mzima ana akiba kubwa. Hata hivyo, kilimo kina msimu, mgongo huinamishwa upande uleule siku nzima, na mzigo hauongezwi kwa utaratibu. Tena wapo walimu wastaafu, wafanyabiashara wa soko na akina mama waliohamia miji midogo ambao hawajashika jembe kwa miaka.

Mazoezi manne yanatosha kuanzia. La kwanza ni kuinuka kitini na kuketi bila kujishika, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. La pili ni kuusukuma ukuta kwa viganja, mwili ukiwa umenyooka. La tatu ni kuinua dumu la maji kutoka chini hadi usawa wa nyonga, magoti yakikunjwa na mgongo ukinyooka. La nne ni kujiinua kwa vidole vya miguu, na kisha kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya kushika. Kila zoezi lifanywe mara 8 hadi 12, kwa mizunguko miwili au mitatu, kukiwa na siku ya kupumzika katikati.

Dumu la lita 5 ni mzani wa maskini: kila lita ya maji ni kilo moja. Mwanamke huanza na lita mbili. Akifikisha mara 12 bila taabu, huongeza nusu lita. Ongezeko hilo dogo ndilo linaloujenga msuli.

Umri haujapata kuufunga mlango huo. Mwaka 1990, mjini Boston nchini Marekani, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wenye umri wa miaka tisini hivi waliofanya mazoezi ya uzito kwa majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka, kwa wastani, kwa zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu za awali. Ernestine Shepherd wa Baltimore, aliyezaliwa mwaka 1936, alianza mazoezi akiwa na miaka 56, na mwaka 2010 aliingia katika kitabu cha Guinness kama mwanamke mzee kuliko wote katika mashindano ya kutunisha misuli.

Nani apite zahanati kwanza

Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua, au historia ya kuanguka apimwe kabla ya kuanza. Atumiaye dawa za kisukari asipunguze chakula bila ushauri, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini hadi daktari aseme.

Na yupo ambaye swali la majirani linamhusu kweli. Mwanamke wa kilo 60 aliyepoteza kilo 3 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, au apunguaye huku akikohoa kwa wiki mbili na kutoka jasho usiku, anahitaji vipimo na wala si mazoezi. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa kulipia matibabu katika vituo vya serikali. Mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuonana nao.

Linalowezekana katika kila kijiji

Kikundi cha hisa kinachokutana kila wiki tayari kina siku, mahali na daftari. Nusu saa ya mazoezi kabla ya kuhesabu fedha haihitaji bajeti. Katika daftari hilohilo kila mwanachama aandikiwe mambo mawili: kipimo cha kiuno, na idadi ya mara anazoinuka kitini kwa sekunde 30 huku mikono ikiwa kifuani. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni dalili ya udhaifu. Kwa wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kusimamia vipimo hivyo, na afisa lishe akaalikwa kila robo mwaka.

Baada ya miezi mitatu daftari lifunguliwe tena. Kiuno kikiwa kimepungua sentimita tatu na kuinuka kumeongezeka mara nne, mwanamke huyo atakuwa na jibu la kumpa kila amwulizaye kwa nini amepungua.