Sufuria Tupu: Maneno kwa Vijana wa Kamituga Wanaotaka Kutayarisha Filamu za Kusaidia

 

Vijana wengi wanatuuliza ulizo moja: namna gani mtu wa hapa anaweza kuwa mtayarishaji wa filamu na vipindi vya televisheni vinavyoinua watu na kusaidia walio katika taabu? Wengine wanatuonyesha video za inje. Mtu anafika na gari, anajengea mjane nyumba kwa juma moja, mjane analia, muziki unapanda. Wanasema: na sisi tufanye vile. Tunawaelewa, sababu sisi wenyewe tulianza vile, na tulikosea. Acha tuanzie kwa kosa lile.

Tulichukua simu mbili, tukaenda kwa mama mmoja twangaise. Kwa wale wa mbali: twangaise ni mama anayetwanga mawe ya zahabu kwa chuma mpaka yanakuwa unga. Neno ni la hapa kwetu, kutwanga iliyovalishwa mkia wa kifaransa. Bwana yake alikufa shimoni. Tulipiga picha mikono yake, watoto wake, na sufuria yake iko tupu. Dakika tatu. Tulitia muziki wa huzuni, tukaandika nambari ya Airtel Money, tukatuma ku WhatsApp na ku Facebook. Pesa ziliingia, kweli, na tulimpa zote mbele ya mashahidi. Siku ile tulijiona mashujaa.

Kiisha majuma matatu alikuja kutuona. Hakupiga kelele. Alisema aksanti ya pesa, kiisha akasema mtoto wake wa kwanza anakataa kurudi kelasi, sababu wenzake wanamuita Sufuria. Shemeji zake wa Bukavu nao walimpigia simu wakiuliza kwa nini anaaibisha jamaa. Alituomba tuiondoe. Ile ya kwenye ukurasa wetu tuliondoa jioni ile ile. Ile iliyokuwa tayari katika simu za watu, hakuna aliyeweza kuiondoa. Na tulipoiangalia tena, wakati huu bila kujisifu, tuliona jambo la haya: katika dakika zote tatu, yeye hasemi hata neno moja. Sisi njo tunasema.

Kamituga imezoea kupigwa picha. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, kiisha mvua kubwa, mashimo ya Détroit yalijaa maji na kubomoka. Gavana wa jimbo alitangaza watu 50 wamekufa, wengi wao vijana. Video za simu zilizunguka dunia: kilima, umati, vilio. Siku chache tu, dunia ikageukia fasi ingine. Mwaka 2023 ugonjwa wa mpox ukatokea hapa kwa sura mpya, ile wataalamu waliita clade Ib. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 OMS ikatangaza kwamba mpox ni hatari kwa dunia nzima, na kamera zikapita barabara ya Bukavu, kilometa karibu 180 ambazo munazijua matope yake, kuja kupiga picha ngozi za watoto. Hatusemi walikosea kuja. Dawa na chanjo mara nyingi zinafuata habari. Lakini tuulizane: ni nani kati yetu iko na picha zile? Nani alirudi kuwaonyesha wagonjwa filamu yao?

Mabishano haya hatuko nayo peke yetu. Kule Goma, Mholanzi Joris Postema alitengeneza filamu inayoitwa Stop Filming Us, akiuliza kama mtu wa Ulaya anaweza kupiga picha Goma bila kuona vita na umaskini tu. Ulizo zuri, lakini kamera ilikuwa bado mikononi mwake. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa, Wakongomani, wakatoa yao: Stop Filming Us But Listen. Majina hayo mawili peke yake ni somo: acheni kutupiga picha, lakini sikilizeni.

Sisi tulijifunza zaidi kwa kijana wa Kisangani, Dieudo Hamadi, aliyesomea utabibu mbele ya kuingia kwa sinema. Mwaka 2017 alitoa Maman Colonelle. Wa Bukavu mutakumbuka mama yule: Kanali Honorine Munyole wa polisi, aliyelinda wanawake waliobakwa na watoto kwetu Bukavu, kiisha akahamishwa Kisangani. Filamu inamfuata akifika kule na kukuta majeruhi na wajane wa vita vya siku sita vya mwezi wa 6 mwaka 2000, na watoto wanaoshtakiwa uchawi. Hakuna sauti ya nyuma inayotuamuru tulie. Tunaona mwanamke anafanya kazi, anachoka, anaomba wakaaji wa mji wenyewe watoe kidogo walicho nacho. Mwaka 2020 akatoa En route pour le milliard: majeruhi wa vita vile vile, wengine bila miguu, wanashuka na mtumbwi mkubwa mto Kongo mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Iliingia katika orodha rasmi ya Cannes mwaka ule. Na Hamadi hakubaki kungoja mtayarishaji wa Ulaya amwite. Alianzisha nyumba yake mwenyewe, Kiripifilms.

Muweke filamu hiyo karibu na video yetu ya sufuria. Watu wa Kisangani wanadai. Wanagombana wao kwa wao ndani ya mtumbwi, wanaimba, wananyeshewa, wanakasirika. Anayeangalia hatoki na huruma tu, anatoka akijiuliza ni nani anadaiwa. Video yetu haikuuliza kitu. Iliomba tu, na kuomba kwenyewe tulimuombea bila yeye.

Sasa kazi yenyewe. Mtayarishaji, yule tunaita hapa produktere, si lazima ashike kamera. Ni yule anayejibu. Anajibu juu ya pesa, juu ya ruhusa, juu ya watu waliotoa sura zao, na anaendelea kujibu hata filamu ikiisha. Kamera si shida kubwa, simu ya leo inatosha kuanza. Sauti njo inaua filamu zetu. Mununue kipaza sauti kidogo cha kubana ku shati mbele ya kitu kingine chochote, sababu mashine za hapa hazinyamazi. Muhesabu betri, muhesabu mafuta ya jenereta, muhesabu moto ya yule atakayewapeleka, na chakula cha timu. Muandikie meya barua na mubaki na kopi iliyopigwa muhuri. Inchi hii ilizuia filamu juu ya Docta Mukwege mwezi wa 9 mwaka 2015, ikaifungulia mwezi uliofuata, kwa hiyo musishangae mkiulizwa maswali juu ya filamu ndogo.

Lakini karatasi kubwa kuliko zote ni ile ya mtu mnayempiga picha. Isomwe kwa kilega au kwa kiswahili, na kwa sauti. Aambiwe filamu itaenda wapi, hata inje ya inchi. Apewe usiku mmoja wa kufikiri na kuuliza watu wake. Na mstari wa kwanza useme: msaada hautegemei picha. Anayekataa kupigwa picha anapata mchele sawa na aliyekubali. Bila mstari ule, si yeye anayesaini, ni njaa.

Kiisha, mifuko miwili. Pesa za filamu upande huu, pesa za msaada upande ule, na watu wawili tofauti wanaozichunga. Hesabu inabandikwa ukutani, fasi kila mtu anapita. Tunajua munataka kusikia juu ya wafadhili. Watakuja, na hasa wakati wa uchaguzi watakuja na fulana. Kuna mkubwa mmoja alitaka kulipa filamu yetu yote, akiomba kitu kidogo tu: tusiingie ku shimo lake. Tulimwambia aksanti, hapana. Tumechelewa miezi mingi kwa ajili ya hapana ile, na kati yetu kuna waliokasirika. Bado wanakasirika kidogo. Ni haki yao.

Na musifikiri filamu ya kusaidia ni lazima iwe ya machozi. Watu wa hapa wanacheka hata ku matanga. Mutengeneze mchezo, mutengeneze kichekesho juu ya mtoto anayetoroka kelasi kwenda ku shimo na mama yake anayemfuata na mwiko. Kivu ilifuata mchezo wa Kumbuka Kesho kwa redio, kwa kiswahili, na hakuna aliyesema ni somo tu.

Filamu yetu inayokuja ni juu ya wamama twangaise, lakini safari hii si juu ya njaa yao. Mashine za kusaga mawe zimeingia Kamituga, na kazi waliyofanya kwa siku nyingi inaisha kwa saa chache. Mashine ni za wenye pesa. Wamama wanauliza: nani aliamua, na sisi tunaingia wapi? Gunia la mchele halijibu ulizo hilo. Ndiyo, tutachanga kwa ajili ya kelasi ya watoto, kwa mfuko wa pembeni, lakini filamu itabeba ulizo lao mpaka kwa wenye mashine, kwa meya, na kwa wakubwa wa madini. Watajibu mbele ya kamera, au tutaonyesha kiti kitupu.

Mbele ya kuituma ku intaneti tutaionyesha kwanza kwa wamama wenyewe, usiku, ku shuka nyeupe iliyotundikwa ku ukuta. Wakisema kateni hapa, tunakata.

Tulirudi kwa mama yule wa sufuria. Tulifikiri atatufukuza. Alitutazama kwanza, kiisha akatupatia kiti, akasema atakubali, lakini kipaza sauti atakishika yeye, na yeye njo atauliza wenzake maulizo. Mtoto wake amerudi kelasi, lakini fasi ingine, mbali kidogo. Tunaanza siku ya posho saa mbili asubuhi, kwake. Anayetaka kujifunza aje, asafishe simu yake ibaki na nafasi, na abebe maji ya kunywa.