Ushindi wa Punda Usiwe wa Bakora



Kila mwaka, katika Mfungo Sita, watu wengi hukusanyika Lamu kwa sikukuu ya Maulidi. Pamoja na ibada, huwapo michezo: mashindano ya majahazi, kuogelea, bao, na mbio za punda kandokando ya bahari. Mbio hizo ni fahari ya mji, wala hapana haja ya kuziondoa. Lakini yafaa kila mtu ajiulize: furaha hii hulipwa na nani?

Vichochoro vya Lamu ni vyembamba na magari ni machache sana. Mawe, mchanga na vyakula huchukuliwa mgongoni mwa punda. Punda aliyetunzwa vema aweza kuishi zaidi ya miaka 25. Basi kijana akimkimbiza mpaka akavunjika mguu kwa ajili ya zawadi ya siku moja, nyumba nzima imepoteza riziki ya miaka mingi.

Wako wasemao kwamba punda hakimbii asipopigwa. Hao hawajaijua tabia yake. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa aghalabu husimama atazame. Anayempiga wakati huo humzidishia hofu, kisha husema ni mkaidi. Tena punda huficha maumivu yake, na watu hudhani hana. Lakini matundu ya pua yakipanuka, pumzi zikienda mbio na miguu ikitetemeka, mnyama huyo amekwisha kusema.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, na kumpanda au kumkimbiza kupita kiasi. Haikutoa ruhusa kwa siku ya sikukuu.

Mwaka 1987 chama cha Donkey Sanctuary cha Uingereza kilifungua Lamu kituo cha kuwatibu punda. Yamefanywa pia mashindano ya namna nyingine, ambayo mshindi wake si punda mwenye mbio, bali yule aliyetunzwa vema kuliko wenziwe. Hayo yaonyesha kwamba heshima hupatikana bila ya bakora.

Wasimamizi wa mbio waweza kuyafanya mambo haya bila gharama kubwa. Punda asiyetimiza miaka minne asishindanishwe, kwa kuwa mifupa yake haijakomaa. Wala jike mwenye mimba, wala mwenye kidonda. Mbio zifanywe jua likiwa limepunga, na maji na kivuli viwe tayari. Atakayempiga punda wake kikatili anyimwe zawadi, hata akiwa wa kwanza.

Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda aliyebeba mawe mwaka mzima, kisha siku ya furaha akalipwa bakora, amepata shukrani gani kwa binadamu? Sikukuu ya kumkumbuka Mtume, aliyehimiza huruma kwa wanyama, isiwe siku ya mateso yao.