Nyumba ya Mtumishi Katika Bonde la Yaeda

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja katika mkutano wa wanachama, Yaeda Chini)



Mimi si fundi wa kujenga wala si mwanasheria; ni karani tu, na kazi yangu ni kuandika hesabu. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili la nyumba kwa njia ya hesabu, maana ndiyo njia niijuayo.

Kwanza tutazame wenyeji wetu wanavyokaa. Mwanamke wa Kihadzabe huinamisha matawi, huyafunika kwa majani, na baada ya muda wa saa chache tu familia yake ina mahali pa kulala. Mdatoga hujenga kwa miti, udongo na samadi ya ng'ombe. Wairaqw wa milimani zamani walijenga tembe zilizochimbwa ndani ya mteremko, na paa lake lilikuwa la udongo. Nyumba hizi ni mbalimbali kabisa, walakini zinafanana kwa jambo moja: mwenye nyumba hahitaji kutoa fedha nyingi. Anayo ardhi, anao ndugu wa kumsaidia, na vifaa viko karibu.

Mtumishi hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Ameletwa kwa barua, na kwa barua ataondolewa. Ardhi si yake, ndugu zake wako mbali, na vifaa avitakavyo, yaani saruji, bati, misumari na mbao, hushuka kutoka mjini kwa gari. Kila kilomita ya njia huongeza bei, na wakati wa masika njia yenyewe hugeuka tope. Tena udongo mweusi wa mbugani huvimba unaponyeshewa na kupasuka unapokauka, hata ukuta uliojengwa juu ya msingi mwepesi hupata nyufa mapema. Basi ile nyumba ambayo mjini ingekuwa ya bei ya kadiri, hapa huwa ghali, na pengine haidumu.

Labda mtu atasema, "Serikali na ijenge, basi yatosha." Yatupasa kukumbuka habari ya mwaka 1964. Mwaka huo Serikali ilianza kuwakusanya Wahadzabe wakae hapa Yaeda Chini, ikawapa makazi na chakula. Nia ilikuwa njema. Walakini katika kukusanyika pamoja wengi walipata maradhi, wengine wakafa, na haikuchukua muda mrefu waliobaki wakarudi porini. Nyumba zilikuwapo, ila hazikuwa zimepatana na maisha ya watu waliojengewa. Kwa hiyo atakayemjengea mtu nyumba hana budi kumwuliza kwanza anaishije.

Sasa niwaulize ninyi, na mimi nijibu kwa nafsi yangu. Nilipofika katika bonde hili na mke wangu na mtoto mmoja, nilipata chumba na sebule kwa mtu ambaye sitamtaja jina. Alitaka kodi ya mwaka mzima kwa pamoja, wala hakunipa stakabadhi. Nilikopa ili nilipe. Masika yalipoanza bati lilivuja, nami nikakesha usiku nikihamisha madaftari ya ofisi kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Nilipomwambia mwenye nyumba, akanijibu kwamba kama sipendi, wako wengine wanaotaka. Nami nilinyamaza, kwa kuwa fedha yangu ilikuwa mkononi mwake na karatasi sikuwa nayo.

Mtoto alipofikia umri wa kusoma, mke wangu alipanda naye Mbulu. Tangu hapo nalipa nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Katika kila shilingi 100 nipatazo, 12 ni kodi ya hapa, 24 ni kodi ya Mbulu, 8 ni nauli ya kupanda na kushuka, na 4 ni za maji. Jumla yake ni 48. Mtu akiniuliza kodi yangu ya Yaeda, namjibu "ni shilingi 12 katika 100," naye husema, "Una bahati!" Kumbe karibu nusu ya mshahara imekwisha kabla sijanunua unga.

Hapa ndipo penye kosa la hesabu zetu nyingi. Twahesabu kodi peke yake, na kumbe gharama ya kukaa ni kodi pamoja na nauli, maji, kuni, na ile nyumba ya pili. Marekani wana kipimo chao: kwa nyumba zinazosaidiwa na serikali yao, mpangaji hutazamiwa kutoa asilimia 30 ya mapato yake; kabla ya mwaka 1981 ilikuwa asilimia 25. Nikijipima kwa kipimo hicho, mimi nimepita mbali.

Wala msidhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini tu. Katika jimbo la Wyoming iko wilaya ya mashambani iitwayo Teton, na mji wake ni Jackson. Matajiri wameupenda mlima wake, wakanunua, na bei ikapanda hata wafanyakazi wengi wakahamia ng'ambo ya mlima, katika jimbo la Idaho, wakawa wanavuka kila siku kwenda kazini. Mwezi wa Juni 2024 barabara ya mlimani iliporomoka, ikafungwa karibu wiki tatu, nao wakalazimika kuzunguka mbali sana. Mji ule ulitambua siku hiyo kwamba watu wanaouendesha hawakai ndani yake. Sisi hapa, mvua ikifunga njia ya kushuka bondeni, twaona jambo lilo hilo: shule ina watoto na haina mwalimu, zahanati ina wagonjwa na mganga yuko Mbulu.

Haifai tuseme kwamba hakuna lililotendwa. Wakala wa Majengo uliundwa mwaka 2002, na tangu mwaka huo huo nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi. Waliouziwa walifaidika, walakini nyumba iliyouzwa haiwezi kumpokea mtumishi ajaye. Mwaka 2013 iliundwa kampuni ya kuwajengea watumishi nyumba, na kazi yake ijulikanayo zaidi ni ya mijini, kama Dar es Salaam na Dodoma. Mkopo wa benki nao hutaka hati na riba, na mtu wa kuhamishwa hujiuliza kwa haki: nitajenga mahali ambapo mwakani sipo?

Basi natoa mashauri manne.

La kwanza, kila mwanachama adai mkataba wa maandishi na stakabadhi, hata kama mwenye nyumba ni rafiki. Sisi tunaowaandikia watu wote karatasi zao, ni aibu kukosa za kwetu.

La pili, Chama kikusanye hesabu kama yangu kwa kila mwanachama wa bonde hili, pasipo majina, na kuipeleka Halmashauri ya Wilaya. Malalamiko husahauliwa, hesabu hujibiwa.

La tatu, tuiombe Halmashauri ya Kijiji, kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 itakavyo, itenge kiwanja karibu na shule na zahanati kwa nyumba za watumishi. Ziwe mali ya kijiji, wala zisiuzwe. Anayekaa alipe kodi ndogo ya kuzitengeneza. Lakini tusiombe hata shubiri moja ya ardhi ya Wahadzabe, ambao mwaka 2011 walipata hati ya pamoja ya ardhi yao baada ya kuipoteza kidogo kidogo kwa miaka mingi. Shida yetu isiwe mlango wa shida yao.

La nne, nyumba hizo zijengwe kwa matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo wa changarawe na saruji kidogo. Hayachomwi, kwa hiyo hayakati miti, na saruji ya kubeba hupungua. Zijengwe juu penye ardhi ngumu, si mbugani.

Ndugu zangu, mwaka 1922 wazee wetu wa Tanga, pamoja na Martin Kayamba, walianzisha chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa Serikali katika Tanganyika. Walijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana alikuja kuniaga. Hakuichukia kazi wala watoto, alisema tu, "Kaka, nimechoka kulala na mwavuli." Nilimwandikia barua yake ya kuomba uhamisho kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki kuandika nyingine kama ile.