Ajira 9,000: Kesi ya SNC-Lavalin na Kura ya Wakanada ya Mwaka 2019



Nimeombwa nizungumzie mashtaka dhidi ya makampuni makubwa na jinsi yanavyoingia katika siasa za uchaguzi. Nimechagua mfano wa Kanada kwa sababu kule mambo ambayo kwa kawaida hubaki nyuma ya milango ya serikali yaliwekwa hadharani: vikao, ujumbe, simu, hata mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri. Mwanafunzi wa utawala bora hapati nafasi kama hiyo kila mwaka.

Hoja yangu ni moja. Katika sakata lile ilitajwa idadi ya ajira 9,000, ikarudiwa mpaka ikaonekana kama ukweli uliothibitishwa. Ilikuwa ni idadi ya wafanyakazi wote wa kampuni iliyoshtakiwa, SNC-Lavalin, ndani ya Kanada. Haikuwa hesabu ya watu ambao wangepoteza kazi kama kesi ingeendelea. Juu ya idadi hiyo viongozi walijenga utetezi wao, na wapiga kura wakatakiwa wachague.

Kesi yenyewe

SNC-Lavalin ni kampuni ya uhandisi na ujenzi yenye makao makuu Montreal, katika jimbo la Quebec. Mwaka 2015 polisi wa Kanada waliishtaki kwa ulaghai na kuhonga maofisa wa kigeni. Walidai kuwa kati ya 2001 na 2011 kampuni ililipa takriban dola za Kanada milioni 48 kwa maofisa wa Libya ili ipate zabuni, na kwamba taasisi za Libya zililaghaiwa takriban milioni 130. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Katika Libya ya Gaddafi rupia ilipenyezwa kwa mtoto wa mtawala mwenyewe, Saadi Gaddafi, na sehemu yake iligeuka boti ya kifahari.

Wala haikuwa Libya peke yake. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliifungia kampuni tanzu ya SNC-Lavalin kushiriki miradi yake kwa miaka 10, kutokana na mambo yaliyohusu daraja la Padma nchini Bangladesh. Oktoba 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilifikia makubaliano na kampuni hiyo kuhusu malipo haramu katika miradi miwili iliyofadhiliwa na benki, mmoja Uganda na mwingine Msumbiji. Kampuni ikalipa dola za Kanada milioni 1.5. Naitaja Uganda ili ndugu zangu wasidhani tunajadili ugomvi wa Wazungu wa mbali. Rushwa ya namna hii huliwa huku kwetu, na anayeumia ni yule anayesubiri barabara.

Kampuni ilitaka nini? Ilitaka makubaliano ya kusitisha mashtaka kwa masharti: inakiri yaliyotendeka, inalipa faini, inakubali kusimamiwa, na kesi inasimama bila hukumu ya hatia. Sheria iliyoruhusu utaratibu huo ilipitishwa mwaka 2018, ikiwa imewekwa ndani ya muswada mnene wa bajeti. Kwa kampuni inayoishi kwa zabuni za serikali, tofauti ilikuwa kubwa, kwa kuwa kupatikana na hatia kungeweza kuifungia zabuni za serikali kuu kwa hadi miaka 10.

Utaratibu huo siupingi. Makubaliano ya kwanza kabisa ya aina hiyo nchini Uingereza, Novemba 2015, yaliihusu Tanzania. Benki ya Standard ilihusishwa na dola za Marekani milioni 6 zilizolipwa kwa kampuni ya Kitanzania wakati serikali yetu ilipokuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600. Jaji aliyapitia makubaliano mahakamani, maelezo ya tukio yakachapishwa, na Tanzania ikalipwa takriban dola milioni 7. Chombo kikitumiwa hivyo kinaweza kumletea haki aliyeibiwa. Swali ni nani anayeamua kitumike, na kwa sababu gani.

Sheria ya Kanada ilijibu swali hilo mapema. Pale shtaka linapohusu kuhonga maofisa wa kigeni, mwendesha mashtaka haruhusiwi kuzingatia maslahi ya uchumi wa taifa wala kampuni inayoshtakiwa ni ya nani. Bunge liliyaandika hayo mwaka ule ule wa 2018. Miezi michache baadaye, wale waliopitisha sheria hiyo walianza kutetea kampuni kwa hoja ile ile ambayo sheria yao ilikuwa imeikataza.

Shinikizo

Tarehe 4 Septemba 2018 Mkurugenzi wa Mashtaka, Kathleen Roussel, aliamua kutofanya mazungumzo na kampuni. Aliyekuwa na mamlaka ya kumwelekeza vinginevyo alikuwa Jody Wilson-Raybould, Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu, mtu wa kwanza kutoka jamii za wenyeji wa asili kushika wadhifa huo. Sheria ilimtaka, kama angetoa agizo, alitoe kwa maandishi na lichapishwe katika gazeti la serikali. Kifungu hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinga, maana agizo linalosomwa na kila mtu haliandikwi kwa urahisi. Hakuliandika.

Tarehe 17 Septemba alikutana na Waziri Mkuu Justin Trudeau. Kwa ushahidi alioutoa baadaye, Waziri Mkuu alizungumzia ajira, akagusia uchaguzi wa Quebec uliokuwa umebaki wiki mbili, na akakumbusha kuwa yeye mwenyewe ni mbunge wa Papineau, ndani ya Quebec. Hapo ndipo nawaomba mtulie. Mpaka wakati huo mtu angeweza kusema kiongozi anahangaikia riziki za wananchi. Jimbo lake la uchaguzi lilipotajwa, riziki na kura vilikuwa vimewekwa katika sentensi moja, mbele ya mtu anayesimamia mashtaka.

Wilson-Raybould alihesabu takriban vikao 10 na simu 10, vikihusisha watu 11, ndani ya miezi minne. Desemba 19 alirekodi simu ya Michael Wernick, mtumishi wa umma wa ngazi ya juu kabisa, ambaye kwetu tungemwita Katibu Mkuu Kiongozi. Januari 2019 alihamishiwa wizara ya wanajeshi wastaafu. Gazeti la Globe and Mail lilifichua habari za shinikizo hilo Februari 7, na siku tano baadaye akajiuzulu. Wakafuata wengine: Gerald Butts, msaidizi wa karibu wa Waziri Mkuu, kisha waziri Jane Philpott, ambaye alisema wazi kuwa amepoteza imani na jinsi serikali ilivyolishughulikia jambo hilo, kisha Wernick mwenyewe akatangaza kustaafu. Aprili 2 Wilson-Raybould na Philpott walifukuzwa katika kundi la wabunge wa chama chao cha Liberal. Viti vyao vya ubunge walibaki navyo, jambo ambalo Katiba yetu ya Tanzania isingewaruhusu.

Agosti 2019 Kamishna wa Maadili, Mario Dion, aliamua kuwa Waziri Mkuu alikiuka kifungu cha 9 cha Sheria ya Mgongano wa Maslahi kwa kutaka kumshawishi Mwanasheria Mkuu isivyostahili. Trudeau alisema anakubali kuwajibika, ila hataomba radhi kwa kutetea ajira za Wakanada.

Idadi na kura

Tuirudie sasa ile 9,000. Madaraja, reli na mitambo ambayo kampuni ilikuwa ikiijenga isingetoweka kwa sababu kampuni imehukumiwa. Ingejengwa na nani? Na wahandisi, kwa kuwa kazi ingekuwepo, na wengi wao wangekuwa wale wale, chini ya mwajiri mwingine. Machi 2019 mtendaji mkuu wa kampuni, Neil Bruce, alisema kampuni haikuwahi kutumia hoja ya kulinda ajira 9,000. Hata hivyo nyaraka zilizopatikana na shirika la habari la Canadian Press zilionyesha kuwa kampuni ilikuwa imewaeleza waendesha mashtaka kuhusu mpango mbadala wa kuhamia Marekani na kubakiza wafanyakazi 3,500 Kanada. Hoja hiyo ilikuwa ikibadilika kufuatana na aliyekuwa akisikiliza, na mfanyakazi mwenyewe hakuulizwa lolote.

Uchaguzi ulifanyika Oktoba 21, 2019. Chama cha Liberal kilishuka kutoka viti 184 vya mwaka 2015 hadi 157, kikapoteza wingi wake bungeni lakini kikaendelea kutawala. Wapinzani wao wakuu, chama cha Conservative, walipata kura nyingi zaidi nchi nzima, asilimia 34.3 dhidi ya 33.1, na bado wakaambulia viti 121. Quebec, mahali ambapo ajira zile zilitajwa zaidi, Liberal walibaki na viti 35. Waliopanda ni Bloc Québécois, chama cha Quebec, kutoka viti 10 hadi 32, na hao nao walikuwa wakitaka kampuni ipewe makubaliano. Mpiga kura wa Montreal aliyechukizwa na shinikizo hakuwa na mahali rahisi pa kupeleka hasira yake.

Tusiisome kura ile kama hukumu ya kesi. Karatasi moja ilibeba tabianchi, mabomba ya mafuta ya Alberta, sheria ya Quebec kuhusu mavazi ya kidini, na zile picha za zamani za Trudeau akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni. Lakini matokeo mawili yanafaa kutazamwa kwa karibu. Wilson-Raybould aligombea Vancouver Granville kama mgombea binafsi na akashinda. Philpott, kwa msimamo ule ule, alishindwa Markham–Stouffville na mgombea wa chama chake cha zamani. Msimamo mmoja, majibu mawili tofauti. Anayewaambia kuwa wananchi daima humlipa mtu mkweli, au daima humtupa, hajaitazama Kanada ya 2019.

Miezi miwili baada ya uchaguzi, Desemba 18, kampuni tanzu ya ujenzi ya SNC-Lavalin ilikiri kosa moja la ulaghai mahakamani na kutozwa faini ya dola za Kanada milioni 280, ilipwe ndani ya miaka mitano, pamoja na miaka mitatu ya uangalizi. Siku chache kabla, baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani Sami Bebawi, aliyewahi kuwa mkuu wa ujenzi, na Januari akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Kampuni haikufungiwa zabuni, na haikuhama Montreal. Mwaka 2023 ilibadili jina ikaitwa AtkinsRéalis, na inaendelea na biashara.

Wapo wanaosema hayo ni yale yale yaliyotakiwa tangu mwanzo, kwa jina lingine. Sikubaliani nao. Hatia iliandikwa mahakamani, mtu aliyehusika alifungwa, na yote hayo yalifanywa na waendesha mashtaka bila waziri kuwaamuru. Mwanamke mmoja alilipa kwa cheo chake ili mpaka kati ya siasa na mashtaka usivukwe.

Ombi langu kwa waandishi wa habari mliomo humu: atakaposimama waziri au mkurugenzi kuwaambia kuwa kampuni fulani ikishtakiwa watu kadhaa watakosa kazi, msiichapishe idadi hiyo kabla hajawapa hesabu iliyoizaa na jina la aliyeifanya. Na kwa wanasheria na wabunge: dai liwe kwamba agizo lolote la mwanasiasa kwa mwendesha mashtaka liandikwe, litiwe saini na lichapishwe, au lisitolewe kabisa.